Nyumba Njema Si Mlango: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Ndugu mgeni rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako, masheikh na wachungaji wetu, wanakikundi wenzetu, waume zetu mliokubali leo kukaa nyuma ili sisi tukae mbele, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Tulianza mwaka 2015 hapa hapa Kunduchi Mtongani, chini ya mwembe, akina mama 30 tuliojigawa watano watano ili tudhaminiane. Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki, na nafasi zao wamezichukua mabinti zao. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Asanteni, tukae.

Hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii ameshazisoma mweka hazina katika risala, na sanduku lenye kufuli tatu mnaliona pale mezani, na wenye funguo watatu mnawaona wamekaa mbali mbali kama ilivyo desturi. Hatutarudia. Sisi viongozi tumeombwa tuseme habari ya jambo moja ambalo lilikaribia kulivunja sanduku hili bila ya nyundo. Jambo lenyewe ni kiwanja cha Mbezi Beach. Tumelikubali liandikwe kwenye kitabu chetu hiki, ili watakaokuja nyuma yetu wasije wakasema sisi tulikuwa malaika.

Ndugu mgeni rasmi, Mbezi Beach nani asiyeitaka? Ukitoka hapa Mtongani, ukipita Africana, ukashuka Makonde au Tangi Bovu, ukaingia ndani kuelekea baharini, unaona dunia nyingine. Kuna lami, kuna miti, kuna mageti, kuna kimya. Vijana wetu wanapaita ushuani. Na sisi pale si wageni kabisa, isipokuwa tumeingia kwa mlango wa nyuma. Wako kati yetu waliofua na kupika katika nyumba zile miaka na miaka. Wako wanaopita na beseni la samaki geti kwa geti, vibua na changu walionunua mnadani Kunduchi alfajiri. Na wako waliogonga kokoto kwenye machimbo ya Mecco, wakikaa juani na nyundo, mtoto mgongoni, wakijaza ndoo mpaka lori lije. Kokoto zile zilikwenda wapi? Ukuta mwingi wa ushuani umesimama juu ya viganja vyetu. Kwa hiyo mwenzetu aliposema, "Jamani, tumewajengea wenzetu vya kutosha, sasa na sisi tununue kwetu," makofi yalikuwa mengi kuliko siku ya kugawana faida.

Mpango ulikuwa hivi. Mbali na hisa, kila mmoja wetu alikuwa akiweka Sh 1,000 kila wiki katika mfuko tuliouita wa kesho. Watu 30 kwa wiki 52 ni Sh 1,560,000 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni Sh 15,600,000. Wako waliotaka tununue kiwanja kimoja cha kikundi Mbezi Beach, tujenge vyumba vya kupangisha na ofisi yenye bango. Tuseme kweli mbele ya Mungu: sisi viongozi ndio tuliolitaka zaidi bango lile. Tulishaanza hata kubishana rangi yake.

Bibi mmoja katika sisi, mkubwa kuliko wote, akatuambia, "Nyumba njema si mlango, wanangu. Fungueni muingie ndani kwanza." Basi tukachagua watu watatu, mmoja muuza samaki, mmoja aliyefanya kazi za ndani na mmoja wa kamati, wakaambiwa waipime Mbezi Beach kwenye mizani kama tunavyopima samaki, bila kuweka kidole.

Walianza na wazee, wakawauliza mambo ya zamani. Wazee wakawakumbusha kwamba mji huu wa Dar es Salaam wakoloni waliugawa. Oysterbay ilikuwa ya Wazungu, katikati ya mji Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika. Mbezi Beach ni habari ya baadaye. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikachukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000. Masharti yale ya viongozi yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na wale wakubwa kati yetu wanakumbuka jinsi malori ya kokoto yalivyoongezeka. Maana yake, hakuna aliyezaliwa mshua wa Mbezi Beach. Ni watu waliopata viwanja, wengine wakijenga kwa jasho, tofali kwa tofali, wengine kwa njia wanazozijua wenyewe.

Na wazee wakaongeza jingine. Pale Kunduchi kwenye magofu kuna msikiti wa kale, na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa sahani za Kichina. Waliozikwa pale hawakuwa maskini. Kunduchi nayo ilikuwa ushuani ya wakati wake! Leo mbuzi wanapita. Na ufukwe wetu bahari imeula, hadi ile hoteli ya Africana, iliyoacha jina lake kituoni, ikabaki kuachwa. Mchanga unaochotwa mitoni kwa ajili ya kujenga ndio ule ambao mto ungeupeleka pwani ukaulinda ufukwe. Tunachukua huku, tunabomoa kule. Na waume zetu wengine mchanga huo wameuchota, tusiwaseme matajiri peke yao.

Sasa, ndugu zetu, wale watatu walirudi na mazuri na mabaya, na sisi tunayasema yote mawili. Tusijidanganye kwamba tajiri hana raha na maskini ndiye mwenye furaha. Hayo ni maneno ya kujifariji. Kule mtoto anasoma usiku bila redio ya baa kumpigia kelele. Mvua ikinyesha, choo cha jirani hakiji mlangoni kwako. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto linafika. Hayo ni mema, na anayesema hayataki anasema uongo.

Lakini pia mwenzetu muuza samaki alisimulia habari ya mama mmoja mtu mzima, mjane, anayekaa peke yake na mlinzi katika nyumba ya vyumba vingi, watoto wote nje ya nchi. Kila akinunua samaki wawili anasema, "Kaa kidogo, mama samaki, maji ya kunywa hayo." Anachotaka ni mazungumzo kuliko samaki. Siku moja aliumwa, na aliyejua wa kwanza ni mwenzetu na beseni lake, maana jirani wa ukuta kwa ukuta hawajui hata jina lake. Huku kwetu ukikohoa mara mbili uji umeshaletwa, na umbeya juu yake.

Kisha wakaenda kwa dalali. Walipotaja Sh 15,600,000 dalali akacheka, akasema, "Mama zangu, hiyo ni ya geti." Hata hivyo baada ya wiki akawapigia simu kuwa amepata kipande. Walipokwenda kukiona, kilikuwa kimemegwa kutoka kiwanja cha mtu, chini kabisa bondeni, kandokando ya mto, hakina hati yake. Na mwenye nacho alitaka fedha zetu zote na nyingine kama hizo kwa mkopo. Ushuani nako kuna bondeni, jamani! Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na sisi hatujasahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu katika mji huu na kuwahamisha wa bondeni kupelekwa Mabwepande. Tungenunua jina la Mbezi Beach, tukalala na maji ya Mbezi.

Hapo wengine wakageuza maneno. Wakasema, kama fedha hazitoshi, basi wenye nyumba hapa Mtongani wauze, maana wanunuzi wanakuja kila siku wanatafuta pa kujenga maghorofa, halafu tuongezee. Ndipo ikabidi tusikilize habari ya mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tuiseme leo, na amekaa pale mstari wa tatu.

Mwenzetu huyu aliuza nyumba yake ya vyumba vitatu kwa mtu aliyekuja na fedha kwenye begi. Alihesabiwa usiku. Hakuwa na hati, alikuwa na karatasi ya mauziano tu, kwa hiyo bei alipanga mnunuzi. Fedha zilionekana nyingi sana wiki ile. Akalipa ada za watoto, akamaliza deni la hospitali, akamsaidia kaka yake, akanunua kiwanja mbali huko upande wa Kibaha akajenga vyumba viwili visivyo na dari. Halafu samaki wake wa mnadani akawa hawezi kuwawahi alfajiri. Nauli kwenda na kurudi ikala faida. Wateja wake wa Mbezi Beach wakazoea mwingine. Mwaka haukuisha amerudi hapa kupanga chumba kimoja, hatua chache kutoka pale ilipokuwa nyumba yake, ambapo sasa kuna ukuta na geti la bluu. Alituambia neno moja kwenye mkutano, na sisi wote tulinyamaza. Alisema, "Mimi sikuuza nyumba. Niliuza kazi yangu, nikaitupia na nyumba bure." Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Mkutano ule uliisha bila kura. Tulirudi nyumbani tumenuniana.

Kilichotugeuza ni usiku mmoja wa masika. Binti wa mwenzetu alishikwa na uchungu saa nane. Bajaji ilifika barabara kubwa ikashindwa kuingia, maana njia yetu imebanwa na ukuta huku, jiko la mtu kule, na choo katikati. Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, wanawake wanne, kwenye tope, mmoja akimulika na simu. Mtoto alizaliwa salama hospitalini, Mungu mkubwa. Lakini tulipofika pale kona nyembamba, kiti hakikupita. Ilibidi tumwinue juu kichwani kama jeneza. Na kilichoziba kona ile kilikuwa banda la jiko la mmoja wetu sisi viongozi.

Asubuhi yake tukakaa tena. Tukaulizana, hivi kile tunachokitamani Mbezi Beach ni nini hasa? Mageti? Mbwa? Tukagundua kuwa tunachokitamani kinatoshea kwenye neno moja: kupimwa. Kule mtu alipita na kamba kabla ya matofali, akasema hapa barabara, hapa kiwanja, hapa mfereji, na kila mwenye kiwanja akapewa karatasi yenye jina lake. Sisi tulianza na matofali, kamba haijafika mpaka leo. Basi badala ya kukinunua kile kidogo cha bondeni, tukaamua kuileta kamba Mtongani.

Ndugu mgeni rasmi, kusema ni rahisi. Kupata barabara maana yake ni kila mtu atoe hatua mbili tatu za eneo lake. Nani aanze? Basi sisi viongozi tulivunja lile banda la jiko siku ya Jumamosi, mbele ya watu wote, kwa nyundo zile zile za kokoto. Mwenye jiko alilia kidogo, tusifiche. Wiki iliyofuata wengine sita wakavunja vibanda na kurudisha kuta. Mmoja alikataa kabisa, na mpaka leo njia inapinda pale kwake. Hatumtukani. Tunamsalimia, na tunampinda.

Na kabla ya hapo tulikwisha kuumia. Mara ya kwanza tulimchangia mtu aliyejiita mpimaji, akaja na mguu wa tatu wa chuma na kofia, akaweka vigingi vya miti, akachukua fedha, hatukumwona tena. Kwa hiyo mara ya pili tulikwenda kwanza serikali ya mtaa, mtaa ukaenda na sisi manispaa, na hakuna aliyetoa shilingi mkononi mwa mtu. Fedha zote zilipita benki, na kila risiti imegandishwa kwenye daftari.

Sasa lile swali gumu. Kati yetu 30, wenye nyumba ni 19 na wapangaji ni 11. Wapangaji walituuliza, na walikuwa na haki, "Hati ni zenu, sisi tunapata nini? Barabara ikija, si mtatupandishia kodi?" Hapo ndipo sanduku lilikaribia kuvunjika kweli. Tuliligawa lile fungu la kesho sawasawa, Sh 520,000 kila mmoja. Wenye nyumba walitumia zao kwa upimaji na hati. Wapangaji 11 waliziweka pamoja zao, Sh 5,720,000, wakanunua eneo Mapinga upande wa Bagamoyo, kwa maandishi na mashahidi, baada ya kukagua kwamba halimo bondeni na halina mgogoro. Na wenye nyumba walio na wapangaji wanakikundi waliweka sahihi kwenye daftari la mihutasari kwamba hawatapandisha kodi kwa miaka miwili. Miaka miwili si mingi, tunajua. Wako wapangaji ambao mpaka leo wanaona hawakutendewa sawa, na wanalisema wazi kila mkutano. Tunaliandika na hilo, maana ni kweli.

Mpaka tunaposema leo, wenzetu 8 wameshika hati zao mkononi na 11 wanasubiri. Na hapa tunaomba akina mama mlioko wageni mtege masikio. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati inakupa haki ya kuikalia kwa miaka iliyoandikwa, hadi 99. Kwa hiyo angalieni jina lililoandikwa. Katika zile hati 8, tano zina majina mawili, la mke na la mume. Waume zetu wale watano wako pale nyuma. Tunaomba wapigiwe makofi. Wengine bado tunazungumza nao taratibu, chakula kikiwa kizuri.

Lakini tunawaonya wenzetu wenye hati, na sisi wenyewe tukiwemo. Karatasi ile ina pande mbili kama kisu. Jana mnunuzi alikuja na begi akitaka bei ya karatasi ya mauziano, kesho atakuja na begi kubwa zaidi kwa sababu ya hati. Na benki nayo itasema lete hati upate mkopo. Kuuza si dhambi, kukopa si dhambi. Ila katiba yetu sasa ina kifungu kipya. Mwanakikundi kabla ya kuuza nyumba au kuiweka rehani atakaa na wale wanne wa kundi lake la watano, wapige hesabu naye kwa kalamu: nauli, kazi, shule, hospitali, na fedha zitakazobaki baada ya mwaka. Akishapiga hesabu akaamua kuuza, tutamsaidia kufunga mizigo. Hatumfungi mtu kamba. Tunachokataa ni kuhesabiwa fedha usiku.

Ndugu mgeni rasmi, Mbezi Beach bado tunaipenda. Kesho alfajiri mabeseni yatapita tena getini, na yule mama mjane atasema kaa kidogo, na mwenzetu atakaa. Watoto wetu wakisoma wakapata kiwanja kule kwa haki, tutakwenda kuwatembelea na tutavua viatu mlangoni. Ila hatutaki tena kuamka asubuhi tukatazama kule kama ndiko uhai uliko, na hapa kama stendi ya kusubiria gari.

Maombi yetu kwako, ndugu mgeni rasmi, ni mawili tu. La kwanza, utusukumie hati zile 11 zilizobaki. La pili, njia yetu tuliyoitoa kwa majiko yetu ipate kifusi kabla ya masika, na mfereji. Bajaji sasa inapita mpaka kwenye mwembe. Tulijaribu wiki iliyopita, na aliyepanda wa kwanza alikuwa yule binti, na mtoto wake mapajani. Tumempa mtoto yule jina la utani Kiti.

Mungu awabariki wanakikundi, aibariki Mtongani, aibariki Tanzania. Chakula kipo, samaki ni wa mnadani leo leo. Karibuni.